Jina la Mwalimu na Gharama ya Kulitunza

Ndugu zangu wana Butiama na Musoma, popote mlipo,

Mwaka huu kamati yetu imeleta kwa wanachama pendekezo ambalo wengi wamelipokea kwa furaha: maktaba tunayoichangia katika kata yetu ipewe jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Nimeombwa niandike kwa ufupi maisha ya Mwalimu, ili vijana wetu watakaosoma kijarida hiki wajue ni jina la nani linalotaka kuandikwa juu ya mlango wao. Wengi wao walizaliwa baada ya yeye kuzikwa.

Mimi ni mhasibu, na kazi yangu imenizoesha kuuliza swali moja kila ninapoonyeshwa mali: nani anaitunza, na kwa fedha ipi? Kwa hiyo nitayasimulia maisha ya Mwalimu nikiyapitisha katika barabara, vyuo, daraja, bwawa na hospitali vyenye jina lake. Mwishoni nitarudi kwenye maktaba yetu, kwa sababu kuna jambo ambalo lazima tuliamue pamoja kabla ya siku ya harambee.

Mtoto wa mvua

Kwetu Uzanaki jina la mtoto mara nyingi hutokana na tukio. Baba yake Mwalimu, Chifu Burito, aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi. Mtoto wake aliyezaliwa tarehe 13 Aprili 1922 aliitwa Kambarage, jina linalohusishwa na mzimu wa mvua, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake 22 wa Chifu. Basi jina ambalo leo liko kwenye uwanja wa ndege na bwawa la umeme lilianza na viwavi na mvua ya Butiama. Halikuanza kama jina la heshima. Heshima ililifuata baadaye, baada ya kazi.

Kambarage alichunga mifugo kama watoto wengine. Husimuliwa kwetu kwamba ustadi wake katika mchezo wa bao ndio uliowafanya wakubwa waone kuwa kijana huyu anafaa kupelekwa shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alianza masomo katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Umri wa miaka 12 kwa darasa la kwanza ungeonekana mkubwa leo, lakini aliwapita upesi waliomtangulia, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali ya Tabora.

Naomba tuizingatie Mwisenge kidogo. Shule hiyo ipo mpaka leo na bado inaitwa Mwisenge. Haikubadilishiwa jina kwa heshima ya mwanafunzi wake, lakini hakuna jengo lenye jina lake ambalo lina deni kubwa kwake kuliko Mwisenge ilivyo na sifa juu yake. Ilimpokea mchunga mbuzi ikamrudishia nchi kiongozi. Hiyo ndiyo kazi ya shule, iwe ina jina kubwa au haina.

Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Kambarage alikwenda Makerere kusomea ualimu, na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1943 akabatizwa Nyegina kwa jina la Julius. Alipomaliza Makerere alifundisha katika Shule ya St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akiwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kusoma chuo kikuu Uingereza. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, Mama Maria wetu.

Barabara ya kwenda Pugu

Kila mmoja wetu anayeishi Dar es Salaam anaijua Barabara ya Nyerere, inayotoka upande wa Gerezani, ikapita TAZARA na kuelekea Uwanja wa Ndege. Wazee wa mji wataikumbuka kwa jina la zamani: Barabara ya Pugu. Kubadilishwa kwa jina hilo kuna maana kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu njia ile ilikuwa njia yake kweli. Mwaka 1953 Mwalimu aliajiriwa kufundisha katika Shule ya St. Francis, Pugu, ambayo leo ni Shule ya Sekondari Pugu. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Siku za kazi alifundisha Pugu, na penye nafasi alishuka mjini kwenye shughuli za chama. Mara nyingi umbali huo aliupiga kwa miguu.

Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU, na Mwalimu akawa rais wake wa kwanza. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Safari hiyo inatuhusu sisi watu wa michango. Mwalimu wa shule hakuwa na fedha za nauli ya ndege kwenda Marekani, na chama kilikuwa kichanga. Nauli ilichangwa. Watu wa kawaida wa Dar es Salaam, wafanyabiashara wadogo, vibarua na akina mama, walitoa walichokuwa nacho. Anayedharau shilingi elfu moja katika bahasha ya harambee akumbuke kwamba sauti ya Tanganyika ilifika Umoja wa Mataifa kwa fedha za namna hiyo.

Aliporudi alitakiwa achague kati ya kazi ya ualimu na siasa. Akaacha kazi. Alirudi nyumbani kwa muda, na katika kipindi hicho alijipatia riziki kwa kuwafundisha wamisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki na kufanya tafsiri. Mshahara wa ualimu aliuacha mwaka 1955, lakini cheo cha kazi ile hakikumwacha. Alikuwa Waziri Kiongozi, Waziri Mkuu, Rais na Mwenyekiti wa chama, na vyeo vyote hivyo vilifika mwisho. Watu waliendelea kumwita Mwalimu mpaka kaburini.

Ikulu na mizania yake

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu akiwa Waziri Mkuu mwenye umri wa miaka 39. Mwezi uliofuata alijiuzulu ili akakijenge chama vijijini. Desemba 1962 nchi ikawa Jamhuri na yeye akawa Rais wake wa kwanza. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana.

Kwa mtu wa hesabu, kuna tukio moja la mwaka 1966 linalostahili kukumbukwa. Wanafunzi wa chuo kikuu walipogoma kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, likazuka suala la mishahara mikubwa ya viongozi. Mwalimu aliwarudisha wanafunzi makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa za makampuni au kupangisha nyumba. Unaweza kubishana na siasa yake ya uchumi, na wengi tunabishana. Ni vigumu kubishana kwamba sheria aliyowawekea wengine hakujiwekea yeye.

Katika elimu alama yake ilifika mpaka vijijini kwetu. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 iliwakalisha mababu na mabibi zetu chini ya miti na kuwafundisha kusoma. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililopitishwa hapo hapo mjini kwetu, liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kuanzia mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri alitakiwa aandikishwe. Mwenyewe aliendelea kuwa mtu wa vitabu akiwa Ikulu. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, ili msomaji wa Kiswahili azipate kwa lugha yake. Uzeeni alizitunga habari za Injili kwa tenzi.

Mizania ina upande wa pili pia, na mhasibu anayeuficha hafai. Sheria ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, nayo ilitumika. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kwa nguvu, na katika mkoa wetu wapo wazee wanaokumbuka nyumba na migomba waliyoiacha. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa, pigo kubwa kwa wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliondoa utawala wa Idi Amin, lakini viliiacha hazina tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari na sabuni vilipangiwa foleni. Kumheshimu mtu hakutuhitaji kuichana kurasa hizo, na nadhani yeye mwenyewe, aliyekiri hadharani baadhi ya makosa ya serikali yake, asingetutaka tuzichane.

Novemba 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari, jambo lililokuwa nadra Afrika wakati ule. Alibaki Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, kisha akarudi Butiama kulima, kusoma na kupokea wageni, akiacha jembe mara kwa mara ili kusuluhisha migogoro ya wengine. Katika miaka yake ya mwisho aliongoza mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyofanyika Arusha. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika Hospitali ya St Thomas', London, kwa ugonjwa wa saratani ya damu. Tarehe 23 Oktoba tulimzika Mwitongo, karibu na wazazi wake.

Majina yaliyokuja baada ya mazishi

Majina mengi makubwa yalikuja baada ya kifo chake. Nimeyapanga kama ambavyo ningepanga daftari la mali, kwa kuangalia kila moja linasimama kwa nguvu gani.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ulipewa jina lake, na jengo la tatu la abiria lilizinduliwa Agosti 2019. Mgeni anayeingia nchini kwa ndege kupitia Dar es Salaam hulisoma jina la mtoto wa Burito kabla hajagongewa muhuri kwenye pasipoti. Viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, vinaitwa kwa jina lake, hali kadhalika kituo cha mikutano cha kimataifa kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2013. Dodoma, mji aliouchagua mwaka 1973 kuwa makao makuu, kuna Nyerere Square katikati ya mji.

Chuo cha Kivukoni kilianza mwaka 1961 kwa ajili ya kuandaa viongozi, kikawa chuo cha itikadi cha chama, na baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi kikageuzwa kuwa chuo cha sayansi ya jamii. Leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na kina kampasi Zanzibar pia. Kibaha, mwaka 2022, ilifunguliwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, ya vyama sita vya ukombozi vya Kusini mwa Afrika: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF.

Bonde la Rufiji lina mfano wa peke yake, kwa sababu huko jina la Mwalimu liliondoa majina ya wageni. Sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous, lililoitwa kwa jina la mwindaji na askari Mwingereza aliyeuawa huko mwaka 1917 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na ndiyo kubwa kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Ndani ya eneo hilo, palipokuwa panaitwa Stiegler's Gorge, limejengwa Bwawa la Umeme la Julius Nyerere lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Serikali ya Mwalimu ililifanyia kazi wazo la bwawa hilo tangu miaka ya 1970, na mwaka 1975 iliunda mamlaka ya kuliendeleza bonde. Fedha hazikupatikana. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2019, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 2024. Wazo zuri lilikaa kwenye makabati karibu nusu karne likisubiri bajeti.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Wapo wanaolinung'unikia kwa sababu ya tozo. Mimi nalitazama hivi: asilimia 60 ya gharama ilitoka NSSF, yaani michango ya wafanyakazi, na asilimia 40 serikalini. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba anayevuka atachangia. Unaweza kusema tozo ni kubwa au ndogo, lakini huwezi kusema hakuna aliyefikiria daraja litaishije.

Jina lake limevuka mipaka pia, na huko nje linasimama juu ya kazi aliyoifanya. Maputo kuna barabara kuu inayoitwa Julius Nyerere, kwa kuwa FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na wapiganaji wake walipata hifadhi kwetu. Harare na Nairobi zina barabara zake. Guinea kuna Chuo Kikuu cha Julius Nyerere mjini Kankan. Addis Ababa, jengo la amani na usalama la Umoja wa Afrika lililozinduliwa mwaka 2016 linaitwa kwa jina lake, na Februari 2024 sanamu yake ilizinduliwa kwenye makao makuu hayo hayo. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na ofisi zake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Waafrika wenzetu wanakumbuka nani aliwafungulia mlango.

Kwetu nyumbani

Sasa turudi Mara, maana hapa ndipo hesabu inapotugusa.

Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na Mwitongo pana kaburi lake, nyumba yake na maktaba yake yenye maelfu ya vitabu. Haya ni matunda ya kutunza. Pana watu wanaofungua milango asubuhi, wanaofuta vumbi na kumpokea mgeni.

Musoma, eneo la Kwangwa, kuna hospitali ya rufaa yenye jina la Mwalimu. Kila mwenyeji wa mkoa huu anaijua historia yake. Ujenzi ulianza enzi za uhai wake, ukasimama, na ukabaki umesimama kwa miongo mingi huku wagonjwa wetu wakisafirishwa kwenda Bugando, Mwanza, wengine wakifia njiani. Leo inapokea wagonjwa, nasi tunashukuru. Lakini kilichoimaliza hospitali ile hakikuwa ukubwa wa jina. Ilimalizika pale fedha zilipotengwa na kufuatiliwa mpaka mwisho.

Butiama hiyo hiyo kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Nacho kilikaa miaka mingi kikiwa jina na mipango kabla ya ujenzi wa kampasi kuanza. Kijana aliyemaliza kidato cha sita wakati jina linatangazwa aliweza kuoa na kupata watoto kabla ya kuona matofali.

Sisemi haya kulaumu. Nataka tuone mpangilio wake. Kutaja jina ni kazi ya siku moja, na haina gharama zaidi ya kibao na utepe wa kukata. Kujenga huchukua miaka. Kutunza hakuna mwisho, na huko ndiko sisi watu wa michango tunakoshindwa. Waswahili walituonya: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika vijiji vyetu mmeona majengo ya michango ambayo yalizinduliwa kwa ngoma, na baada ya miaka mitano paa linavuja, vioo vimevunjika na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Jengo likiwa na jina la kawaida ni hasara. Likiwa na jina la Mwalimu ni hasara na aibu, tena aibu iliyoandikwa kwa herufi kubwa mlangoni, hatua chache kutoka kaburini kwake.

Pendekezo langu kwa wanachama

Naunga mkono maktaba iitwe kwa jina la Mwalimu. Linafaa kuliko ukumbi wa sherehe au geti la barabarani. Alikuwa mwalimu, mfasiri na msomaji hadi mwisho, na alianza shule akiwa na miaka 12 kwa sababu kabla ya hapo hakupata nafasi. Mtoto wa kata yetu anayesoma kwa taa ya simu ndiye hasa aliyestahili kujengewa kitu na mtu kama huyo.

Lakini naomba tukubaliane mambo matatu kabla hatujaandika jina.

Kwanza, tufungue akaunti ya Mfuko wa Matunzo, tofauti na akaunti ya ujenzi. Katika kila shilingi 10,000 tutakayochanga, shilingi 1,500 ziingie huko na zisiguswe kwa tofali wala saruji. Najua ujenzi utachelewa kidogo. Ni afadhali tuchelewe kumaliza kuliko kuwahi kubomoka.

Pili, tuandike bajeti ya mwaka wa kwanza wa uendeshaji kabla ya uzinduzi: posho ya mkutubi, mlinzi, umeme, vitabu vipya, rangi na ukarabati mdogo wa paa. Kila mstari uwe na jina la chanzo chake cha fedha. Mstari usio na chanzo uachwe wazi, wanachama wauone wakiwa wamekaa mkutanoni, wasije wakauona baadaye kwenye ukuta uliopasuka.

Tatu, kibao chenye jina kisibandikwe siku ya uzinduzi. Kibandikwe baada ya mwaka mmoja, ikiwa maktaba imefunguliwa kila siku iliyopangwa na hesabu zake zimekaguliwa na kusomwa mbele ya wanakijiji. Nipo tayari kuzikagua bila malipo, na naomba wahasibu wenzangu wa kutoka nyumbani tushirikiane, maana mkaguzi mmoja hatoshi.

Najua jambo la tatu litaleta mjadala. Wapo watakaosema kungoja mwaka ni kumkosea heshima mzee wetu. Mimi naona kinyume chake. Yeye aliitwa Mwalimu kwa sababu alifundisha, kazi kwanza na jina baadaye. Tukiifanya maktaba yetu ingoje jina lake, tutakuwa tumeifuata njia ile ile.

Fomu ya ahadi imo katikati ya kijarida hiki. Ina nafasi mbili, moja ya ujenzi na moja ya matunzo, na kiasi chochote kinapokelewa. Tafadhali usiiache ya pili ikiwa tupu. Wale walio mbali watume kupitia wawakilishi wa mikoa, wachukue risiti na kuitunza, kwa kuwa mkutano mkuu utasoma majina na kiasi cha kila aliyechanga.

Mcheza kwao hutunzwa. Karibuni kwenye harambee.